Uzi maalumu: Raha ya kuvuka daraja kubwa kwa miguu

Mwenye uzi, Dar es Salaam

Wakuu, habari za wikiendi.

Humu jamvini kuna nyuzi za magari, za kupanda milima, za mbio za asubuhi, hata za kufuga kware, ila sijaona uzi wa watu wanaopenda kuvuka madaraja makubwa kwa miguu. Na najua tupo. Jioni pale Kigamboni nakutana na watu ambao hawana shughuli yoyote ng'ambo. Wamekuja kuvuka, wafike mwisho, wageuze warudi nyumbani wakale. Basi tukutane hapa.

Msimamo wangu nautoa mapema: daraja kubwa ukilipita kwa gari bado hujalijua. Daraja la Nyerere pale Kigamboni lina mita 680. Kwa gari, foleni ikiwa hakuna, ni chini ya dakika moja, na dakika yenyewe inaishia kwenye kutafuta chenji ya kulipia getini. Kwa miguu ni kama dakika kumi za mwendo wa kawaida, na ndani ya dakika hizo mwili unapata mambo ambayo kiti cha gari hakiwezi kukupa.

La kwanza ni ardhi kukuacha. Unaanza ukiwa juu ya tuta la barabara, miti iko kimo chako, kelele za bodaboda na wauza karanga ziko nyuma yako. Hatua kadhaa mbele unaona vilele vya mikoko viko chini ya viatu vyako, halafu ni maji matupu, na magoti yanalijua jambo hilo kabla ya akili. Yanakaza kidogo. Pumzi inabadilika. Hapo ndipo penyewe.

La pili ni mtikisiko. Wa kwenye gari hawezi kuujua kwa sababu gari lenyewe linatikisika muda wote. Simama katikati, weka kiganja juu ya kingo ya chuma, subiri lori la mzigo liingie kutoka upande wa pili. Mkono unapata habari kabla ya sikio. Kwanza ni msisimko mwembamba kwenye vidole, kisha unaingia kwenye nyayo, kisha lori linapita na sakafu nzima inashuka na kupanda, kidogo sana, taratibu, halafu inatulia. Mara ya kwanza moyo unaruka. Ukishaelewa kinachotokea unabaki pale unasubiri lori jingine.

Usiache kuangalia viungio. Mwanzo na mwisho wa daraja kubwa, na wakati mwingine katikati, utakuta sehemu ambayo sakafu imekatwa kabisa, na pengo limezibwa kwa meno ya chuma yaliyopishana kama vidole vya mikono miwili. Pengo hilo ni la makusudi. Chuma cha urefu wa kilomita moja kikipata joto la nyuzi 10 zaidi kinarefuka kama sentimita 12, na zege halikai mbali na hapo. Daraja lisipopewa nafasi ya kurefuka litajivunja lenyewe. Kwa hiyo pengo unaloliona saa nane mchana jua likiwa kali ni jembamba kuliko lile la alfajiri. Pita asubuhi, pita mchana, linganisha. Mimi hili lilinishangaza kuliko hata urefu wa minara: kitu kizito kiasi kile kinakua na kupungua kila siku tunayoamka.

Halafu nyaya. Daraja la Nyerere ni la aina ile ambayo nyaya zinashuka moja kwa moja kutoka kwenye mnara kuja kushika barabara. Ukiwa kwenye gari ni mistari inayokupita. Kwa miguu unaufikia waya mmoja mmoja, unaona unapoingia kwenye zege, unaona unene wake. Ndani ya kila waya kuna nyuzi nyingi za chuma zilizovikwa bomba la plastiki. Kwenye madaraja mengi ya namna hii bomba lina ukingo mwembamba unaolizunguka toka chini mpaka juu, na mtu anaweza kudhani ni urembo. Una kazi. Mvua ikishuka kwenye waya laini huku upepo unavuma, michirizi ya maji inabadilisha umbo la waya mbele ya upepo na waya unaanza kucheza. Ule ukingo unaivunja michirizi isijikusanye. Nani ataliona hilo akiwa kwenye daladala?

Daraja la Tanzanite ni ladha nyingine. Lina kilomita moja na kidogo, lilianza kutumika 2022, na linapita baharini hasa, kutoka maeneo ya hospitali ya Aga Khan kuelekea Coco Beach. Minara yake ni mifupi, kwa hiyo shingo hainyanyuki sana. Unachopewa ni bahari. Mkono mmoja Bahari ya Hindi iko wazi, meli zimetia nanga nje zikisubiri zamu ya kuingia bandarini. Mkono wa pili mikoko na daraja la zamani la Selander na msururu wake wa magari. Kusi ikikaza, kofia shika mkononi.

Kwa wahandisi walioacha njia ya waenda kwa miguu kila upande, natoa shukrani za dhati. Ingewezekana kabisa wasiiweke. Duniani yapo madaraja makubwa mno ambayo mtu wa miguu haruhusiwi kukanyaga.

Leteni ya kwenu. Mmevuka wapi, mlisikia nini mwilini?

Mdau wa Masasi

Mkuu umeanza vizuri ila usitusahau watu wa kusini. Daraja la Mkapa pale Rufiji lina mita 970 na lilifunguliwa 2003. Waliosafiri kabla ya hapo wanakumbuka kivuko cha Ndundu, mvua ikinyesha watu wanalala ng'ambo na mizigo yao.

Ila langu mimi ni Daraja la Umoja, Mtambaswala, juu ya mto Ruvuma. Mita 720, tangu 2010. Unaanza Tanzania unamalizia Msumbiji. Wakati wa kiangazi chini unaona michanga mitupu na maji yamejikunja upande mmoja, masika mto wote umejaa toka ukingo hadi ukingo. Ukifika katikati unakaa kimya mwenyewe bila kuambiwa. Wamakonde wako pande zote mbili, kwa hiyo ng'ambo unasalimiwa kwa lugha ile ile uliyoiacha nyuma.

Fundi wa Mbagala

Heshima kwako mwenye uzi. Mimi ni fundi ujenzi wa nyumba. Kwetu sisi kitu kikitikisika ni kasoro, tunabomoa tunaanza upya. Sasa wewe unasifia mtikisiko. Naomba nieleweshwe, maana nilishawahi kugeuka katikati ya daraja kwa sababu hiyo hiyo na sijarudi tena.

Mwenye uzi

Fundi, swali zuri sana, na ndilo linalowazuia wengi. Nitalijibu kwa kirefu.

Nyumba yako ina kuta zinazokaa moja kwa moja juu ya ardhi. Daraja kubwa lina sehemu ndefu ambayo chini yake hakuna kitu. Ukilifanya gumu lisisogee hata chembe, nguvu yote ya upepo, malori na joto itatafuta pa kutokea, na itatokea kwenye ufa. Ukiliachia lisogee kwa kiasi ulichokipigia hesabu, nguvu hiyo inamezwa na mwendo. Golden Gate kule San Francisco, ambalo lilifunguliwa 1937, lilisanifiwa ili katikati yake iweze kwenda upande zaidi ya mita 8 upepo ukiwa mkali kupita kiasi. Mita nane, fundi. Na limesimama mpaka leo.

Daraja hilo lina kisa ambacho kila mdau wa uzi huu anapaswa kukijua. Siku moja kabla ya magari kuruhusiwa, tarehe 27 Mei 1937, lilifunguliwa kwa waenda kwa miguu peke yao. Wanakadiriwa watu 200,000 walivuka siku ile. Wapo waliokimbia, wapo waliovuka kwa viatu vya magurudumu, wapo waliovuka kwa magongo marefu ya miguuni ili wawe wa kwanza kufanya hivyo. Yaani daraja lilikabidhiwa kwanza kwa miguu ya watu.

Miaka 50 baadaye, Mei 1987, wakaamua kurudia sherehe. Walikuja wengi kuliko ilivyotarajiwa, karibu 300,000 wakajikuta juu ya daraja kwa wakati mmoja, wamebanana bega kwa bega, hakuna wa kwenda mbele wala kurudi. Kwa kawaida barabara ya Golden Gate imepinda kidogo kwenda juu katikati. Siku ile ule mpindo ulipotea. Daraja lilinyooka, katikati ikashuka kama mita 2, kwa uzito wa watu tu. Umati wa watu waliobanana ni mzito kuliko foleni ya magari, kwa sababu magari yanaachiana nafasi na ndani yana hewa nyingi. Daraja lilibeba, watu walipoondoka likarudi kama lilivyokuwa.

Sasa upande wa pili wa hadithi, maana sitaki kukuficha. Lipo daraja lililoanguka kwa kucheza. Tacoma Narrows, jimbo la Washington, Marekani, lilifunguliwa Julai 1940 na likaanguka Novemba mwaka huo huo, kwa upepo wa kasi ya kama kilomita 64 kwa saa. Halikuwa na mzigo mkubwa siku ile. Sakafu yake ilikuwa nyembamba na laini mno, upepo ukaanza kuipindua kushoto kulia na kila mpinduko ukaukaribisha mwingine mkubwa zaidi. Wahandisi walijifunza, na tangu hapo mfano mdogo wa daraja kubwa unapimwa kwanza mbele ya upepo wa mashine kabla ya kujengwa.

Na kuna lililochezeshwa na miguu yenyewe. Daraja la Millennium, London, la waenda kwa miguu tu, lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000. Watu maelfu wakaingia, likaanza kuyumba upande kwa upande. Lilifungwa siku mbili baadaye na halikufunguliwa mpaka Februari 2002. Chanzo kinavutia sana. Binadamu akitembea anasukuma chini, na pia anasukuma kidogo kando: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Sakafu ilipoanza kusogea chembe, kila mtu alipanua miguu kidogo ili asipepesuke, na bila kupatana wote wakajikuta wanakanyaga kwa mapigo ya daraja. Yumba ikalishwa na watu waliokuwa wanajaribu kuizuia. Tiba ilikuwa kufunga vizuizi chini ya sakafu vinavyonyonya ule mwendo. Leo ukilivuka ni tulivu.

Kwa hiyo fundi, mtikisiko wa lori unaokuja, unapita na kutulia ni dalili kwamba daraja linafanya kazi yake. Rudi. Safari hii shika kingo, hesabu lori likishapita inachukua muda gani mpaka kutulia.

Fundi wa Mbagala

Nimekuelewa mkuu. Hilo la umati kuwa mzito kuliko magari sikulijua kabisa. Na wanajeshi je? Tuliambiwa shuleni hawavuki daraja kwa kwata.

Mwenye uzi

Ni kweli. Mwaka 1831 kule Broughton, karibu na Manchester, kikosi cha askari kilikuwa kinavuka daraja la kuning'inia kwa mwendo wa kwata, likakatika wakaanguka mtoni. Wengi waliumia ila hakuna aliyekufa. Tangu hapo jeshi la Uingereza likaagiza askari waache kwata wanapovuka. London kuna daraja linaitwa Albert, ukifika mlangoni bado utakuta kibao kinachoamuru vikosi vyote vivunje mwendo. Ufaransa hali ilikuwa mbaya zaidi, mji wa Angers, 1850: daraja liliangukia mtoni kikosi kikipita wakati wa dhoruba, na zaidi ya watu 200 wakafa. Nyaya zake nazo zilikuwa zimeliwa na kutu.

Dada wa New Jersey

Hamjambo wapendwa. Mie nipo huku miaka mingi sasa, na uzi huu umenigusa kwa sababu kitu kinachonifanya nisiuchukie mji wa New York ni Daraja la Brooklyn.

Kwanza jinsi lilivyopangwa. Madaraja mengi yanamweka mwenda kwa miguu pembeni, karibu na magari. Brooklyn yeye wamempandisha juu. Njia ya miguu iko katikati, juu ya barabara, magari yanapita chini kushoto na kulia. Unakanyaga mbao, na kati ya ubao na ubao unaona mwanga wa chini. Ukiufikia mnara wa kwanza, mawe matupu, mita 84 toka majini, unapita chini ya tao lake na nyaya zimekuzunguka pande zote. Kuna zinazoning'inia wima, kuna zinazoshuka mshazari, zinakatana. Huko mimi huwa nasimama nalia kidogo, sioni haya kusema.

Nalia kwa sababu ya walioliweka pale. Aliyelibuni, John Roebling, alipondwa mguu na kivuko mwaka 1869 wakati anapima mahali pa kujenga, akafa kwa pepopunda hata kazi haijaanza. Mwanawe Washington akashika. Misingi ilichimbwa ndani ya masanduku makubwa yaliyozamishwa mtoni, yamejazwa hewa ya kusukumwa ili maji yasiingie, wafanyakazi wakichimba humo ndani. Ukitoka haraka kwenye hewa ile iliyobanwa, damu inatoa mapovu, viungo vinapooza. Wengi waliumia, wengine walikufa, na Washington mwenyewe akaharibika afya, akawa anaitazama kazi kwa dirisha. Mke wake, Emily, akajifunza uhandisi, akawa anapeleka maagizo na kurudi na maswali ya mafundi kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka lilipofunguliwa tarehe 24 Mei 1883. Kwenye mnara pana bamba la kumkumbuka. Mimi kila nikifika hulishika.

Watu wa wakati ule nao waliogopa kama fundi wetu wa Mbagala. Siku sita tu baada ya kufunguliwa, mwanamke alianguka kwenye ngazi, mtu akapiga kelele, uvumi ukaenea kwamba daraja linaporomoka, na watu 12 wakafa kwa kukanyagana. Daraja lenyewe lilikuwa salama kabisa. Mwaka uliofuata, 1884, mwenye sarakasi P. T. Barnum akavusha tembo 21 juu yake, na watu wakaona kwa macho yao kwamba linabeba.

Ushauri kwa watakaokuja: anzia Brooklyn uelekee Manhattan, majengo marefu yawe mbele yako. Na nenda asubuhi mapema. Baiskeli zilipewa njia yake kule barabarani tangu 2021, kwa hiyo mbao ni za miguu peke yake, lakini ikifika saa nne watalii wamejaa huwezi hata kusikia hatua zako.

Mdau wa Likoni

Salaam aleikum. Nawasoma toka Mombasa.

Sisi huku kuvuka ni maisha, si matembezi. Feri ya Likoni hubeba watu kila siku tangu alfajiri, na jina la Mtongwe likitajwa wazee hunyamaza: mwaka 1994 feri ilipinduka pale, watu 272 wakafa. Kwa hivyo mtu wa Likoni akipewa daraja la kutembea kwa mguu hulikanyaga kwa moyo mwingine kabisa.

Wakati wa korona, ili watu wasisongamane kwenye feri, lilijengwa daraja la kuelea la Liwatoni, la waenda kwa miguu pekee. Lilianza kutumika mwanzoni mwa 2021. Ukijumlisha na miteremko yake lilikuwa kama kilomita moja na robo. Ndugu zangu, hilo halikutikisika kama hayo yenu. Hilo lilipumua. Mlikuwa juu ya maji yenyewe, mkondo ukipita chini, na maji yakijaa au kupwa daraja likipanda na kushuka nayo. Maji makavu, ule mteremko wa kuingilia ulikuwa mkali, mama mwenye kikapu ajua. Maji makuu, mkiingia karibu sawasawa. Meli kubwa ikija, kipande cha katikati kilikuwa kikifunguliwa, nanyi mkisubiri, mkiiona meli ndefu kuliko mtaa wenu ikipita pale pale mlipokuwa mkitaka kuweka mguu.

Wazee wangu walizoea jambo hili. Daraja la kwanza la Nyali, la 1931, nalo lilikuwa la kuelea, hadi lilipojengwa hili la zege mwaka 1980. Marehemu babu akisema alilivuka kwa mguu kwenda Kongowea na kulisikia likicheza chini ya kanzu yake.

Mama wa Tegeta

Jamani mimi naogopa kimo. Hata roshani ya ghorofa ya tatu inanipa kizunguzungu. Lakini nikisoma haya natamani. Nifanyeje?

Mwenye uzi

Mama yangu, karibu sana. Usianze na la juu. Anza na Tanzanite, maana haliko juu sana na njia yake ni pana. Nenda na mtu unayemwamini, umwambie asikuvute wala asikucheke. Macho yaweke mbele, kwenye nguzo au mnara wa pili, usiyashushe kwenye maji yanayotembea, kwa sababu maji yakienda upande mmoja ubongo unadhani wewe ndiye unayekwenda upande wa pili. Kizunguzungu kingi cha darajani kinatokana na hapo. Tembea upande wa ndani wa njia, karibu na barabara. Ukichoka simama, shika kitu kisichosogea, vuta pumzi, endelea. Na ukigeuka katikati hakuna aibu, utarudi siku nyingine uende mbele kidogo zaidi.

Mtu mwenye hofu, akifika ng'ambo, anapata furaha ambayo mimi nisiyeogopa sijawahi kuipata. Nimeona watu wakifika mwisho wakashika kichwa, wakacheka peke yao.

Na ukishazoea, mama, nakuombea siku moja ufike Daraja la Victoria Falls, kati ya Zambia na Zimbabwe. Kwangu mimi hilo ndilo la juu ya yote niliyowahi kukanyaga. Nilikwenda na treni ya TAZARA mpaka Kapiri Mposhi, kisha mabasi hadi Livingstone. Ukifika uhamiaji waeleze unakwenda darajani tu, wanakupa kikaratasi cha kupita, unatembea.

Lina mita 198 tu. Ni fupi ukilinganisha na Kigamboni. Lakini chini yako ni mita 128 mpaka kwenye mto Zambezi, ndani ya korongo la mawe meusi. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ndiyo hayo Victoria Falls, yako pale pale jirani, unayasikia kifuani kabla hujayaona. Maji yakiwa mengi, miezi ya Aprili na Mei, mvuke unakufikia darajani, nguo zinaloa na jua likiwaka upinde wa mvua unatokea chini ya miguu yako, chini, siyo juu. Ni tao moja la chuma, limefunguliwa 1905, na treni bado zinapita. Treni ya mizigo ikiingia, zile ribiti zote, yaani pini za chuma zinazoshika vipande vyake, za zaidi ya miaka mia moja zinaanza kuongea kwa pamoja. Nilishika kingo kwa mikono miwili. Nilimwona mama mmoja kichwani ana ndoo ya samaki wakavu, anavuka kwenda kuuza upande wa pili, hakupunguza hata hatua.

Mdau wa Mwanza

Nimechelewa kuuona uzi, naomba nafasi.

Kigongo–Busisi, jamani. Daraja la J. P. Magufuli. Kilomita 3, juu ya Ziwa Victoria, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Ndilo refu kuliko yote Afrika Mashariki. Niliyeishi na kile kivuko naomba niseme kilivyokuwa: unafika Kigongo na mgonjwa ndani ya gari, foleni ya malori iko mbele yako, kivuko kiko ng'ambo, unasubiri. Saa moja, mbili. Usiku kikisimama ndiyo mpaka kesho. Watu wa Sengerema na Geita tunalijua jambo hili kwa majina ya watu tuliowapoteza.

Sasa nilivuka kwa miguu wiki ile ile ya ufunguzi, na umati. Wazee wa umri wa baba yangu walikuwa wanatembea polepole, mkono kwenye kingo, wanasimama, wanalitazama lile eneo la maji walilovuka maisha yao yote kwa kusubiri. Mzee mmoja alikuwa ananionyesha chini: kivuko kilikuwa kinapita hapa, kinapinda hapa.

Urefu wake una jambo ambalo Kigamboni hamna, samahani. Baada ya kama robo saa ya kutembea, Kigongo imekuwa ndogo nyuma na Busisi bado ni ndogo mbele. Uko ziwani. Huwezi kusema naghairi, maana kurudi na kwenda ni sawa. Mitumbwi ya wavuvi inapita chini, unamsikia mtu anaongea ndani ya mtumbwi na sauti inakufikia safi kabisa. Minara ya nyaya iko sehemu ya katikati tu, sehemu iliyobaki ni nguzo na zege, kwa hiyo minara unaiona mbali mno kabla ya kuifikia, inakua taratibu, inakua, halafu ghafla iko juu yako.

Fundi wa Mbagala

Mdau wa Mwanza, nakuja huko mwezi ujao kikazi. Nishalivuka la Kigamboni jumamosi, lote, kwenda na kurudi. Niliweka mkono kwenye kingo kama nilivyoelekezwa. Hilo la Busisi nianzie upande gani, na saa ngapi?

Mdau wa Mwanza

Hongera fundi! Anzia Kigongo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Daraja linakwenda magharibi, kwa hiyo jua litakuwa mgongoni na minara utaiona imewaka mbele yako. Chukua dakika 40, usikimbie. Beba maji, maana katikati hakuna duka wala kivuli, na ziwa linarudisha jua usoni. Kofia iwe ya kufunga. Busisi kula samaki, pumzika mpaka jua lipungue, kama saa kumi hivi, urudi kwa miguu. Jua litakuwa mgongoni tena. Ukifika Mwanza tuma ujumbe hapa hapa, nitakuja tuvuke wote.